Uso wa Kazi na Moyo wa Mtu

*Mafundisho kwa wakatekumeni juu ya wale wanaowahudumia watu*

Katika kijiji kimoja palikuwa na mzee, mtu wa heshima na baba wa watoto saba, aliyeandikwa katika daftari ya wakatekumeni wa mwaka wa pili. Sala zote alizijua, wala hakukosa mafundisho hata siku za mvua. Masomo yalipokaribia kuanza, aliuza mbuzi wawili, akatuma fedha kwa njia ya simu ili mwanawe apate kulipa malipo ya shule mjini. Fedha zilitoka kwake, lakini kwa mwanawe hazikufika.

Mzee akapanda kilimani, mahali simu inaposhika, akaita namba ya kampuni. Akaitikiwa na sauti ya binti, sauti tamu, iliyomwamkia na kumwuliza shida yake. Mzee hakuitika salamu. Alimwita binti huyo mwizi na mtoto wa wezi. Alimwambia kwamba mama yake hakumlea. Akamwapiza kwa maneno yasiyofaa kuandikwa. Binti akangoja mpaka pumzi ya mzee ilipokwisha, ndipo akasema: «Pole sana, baba. Naomba unisomee namba uliyoitumia.» Namba ikasomwa. Kumbe mzee mwenyewe alikosea tarakimu moja, na fedha zilikwenda kwa mtu asiyemjua. Binti hakumcheka wala hakumlaumu. Alimweleza kwamba ataomba fedha zile zirudishwe, akamtakia siku njema.

Jioni, chini ya mwembe, mzee aliwasimulia wenzake habari hiyo, akijisifu kwamba siku hiyo watu wa mjini wamemjua. Katekista alikuwapo akisikiliza.

«Baba,» akauliza, «na yule binti alikujibu nini?»

«Angejibu nini, mwalimu? Alisema kwa upole tu. Wale wanalipwa ili wawe wapole.»

«Ni kweli, baba. Na matusi, je? Matusi nayo yamo katika mshahara wake?»

Mzee hakupata jibu. Watu wakanyamaza, kisha wakaagana.

Swali hilo la katekista lafaa kila mkatekumeni alichukue nyumbani kwake. Kwa maana kila mtu anayenunua chumvi dukani, au anayepanga mstari dispensarini, au anayeita kampuni kwa simu, hukutana na mtu aliyewekwa pale ili kumhudumia. Na namna anavyokutana naye, Mungu anaiona.

1. Kazi ya mikono na kazi ya uso

Mwashi huuza nguvu ya mikono yake. Akiwa na huzuni, tofali halijui. Ukuta wake utasimama wima vilevile. Lakini ziko kazi nyingine ambazo mtu hudaiwa, pamoja na mikono yake, uso wake na sauti yake. Ndivyo ilivyo kwa muuza duka, kwa mtumishi wa hoteli, kwa karani wa dirisha la benki, kwa mwuguzi apokeaye wagonjwa, na kwa wale wanaojibu simu za makampuni. Hao huagizwa kuonyesha furaha wasiyokuwa nayo na kuficha hasira waliyo nayo. Binti wa simu huenda amefiwa juma lililopita. Hata hivyo sauti yake yapaswa kuchangamka. Mara nyingi maongezi yake hunaswa kwa mashine ili wakubwa wayasikilize, na dakika zake huhesabiwa. Mahali pengi hana ruhusa ya kukata simu yeye kwanza, hata akitukanwa. Mzee wa kilimani hakujua hayo. Alidhani kwamba upole wa yule binti haukumgharimu kitu.

Jambo hilo lilichunguzwa na mwanamke mmoja wa Marekani, jina lake Arlie Hochschild, mwalimu wa chuo kikuu cha California mjini Berkeley. Mwaka 1983 alitoa kitabu juu ya watu ambao uso wao ni sehemu ya kazi yao. Alitazama hasa hali ya wahudumu wa ndege, ambao wengi wao walikuwa wanawake: wale wanaowakaribisha abiria ndani ya ndege, kuwagawia chakula na kuwatuliza wenye hofu. Aliona kwamba katika mafunzo yao walifundishwa kuiwazia ndege kuwa kama sebule ya nyumba zao, na abiria kuwa kama wageni waliofika kwao. Abiria akiwa mkali, mhudumu alifundishwa kumfikiri kama mtoto mwenye hofu, au kama mtu aliyepatwa na msiba, ili hasira yake mwenyewe ipoe.

Mawazo hayo si mabaya. Hata mama wa kijijini huwaza hivyo juu ya mgeni msumbufu. Lakini mgeni wa kijijini huja mara chache, kisha huaga, na mwenyeji mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Mhudumu wa ndege hupokea wageni wengi kila siku ya kazi, asiowachagua, na tabasamu lake limekuwa bidhaa inayouzwa pamoja na tikiti.

Katika kitabu hicho yasimuliwa habari ya abiria mmoja kijana, mfanya biashara, aliyemwuliza mhudumu kwa nini hatabasamu. Mhudumu akaweka sinia yake, akamtazama usoni, akamwomba atabasamu yeye kwanza. Abiria akatabasamu. Basi mhudumu akamwambia akae na tabasamu hilo, asilibadili, kwa muda wa saa 15. Kisha akaenda zake. Wanaosikia habari hiyo hucheka. Lakini mtu na ajaribu: ashike tabasamu usoni kwa muda wa rosari moja tu, naye atajua kwamba mashavu huchoka kama mabega.

Hochschild aliwatazama pia watu wa kazi iliyo kinyume, yaani wale wanaodai madeni kwa ajili ya makampuni. Hao walitakiwa kuonyesha ukali ili mdeni aogope, hata kama mioyoni mwao walimwonea huruma. Mmoja huuza tabasamu, mwingine huuza makunyanzi; wote wawili wamekodisha kitu kilicho karibu sana na roho zao. Kazi ya namna hiyo Hochschild aliiita kazi ya hisia. Ndiyo kazi ya kuuamuru uso, na hata moyo, kwa ajili ya mshahara.

2. Jinsi moyo unavyochoka

Watumishi hao wana njia mbili za kutimiza wanayoagizwa. Njia ya kwanza ni kubadili uso peke yake: mdomo unacheka huku moyo unawaka. Njia ya pili ni kuusihi moyo wenyewe mpaka umwonee mteja huruma ya kweli. Wataalamu waliofuata nyuma ya Hochschild wameona mara nyingi kwamba njia ya kwanza ndiyo inayochosha zaidi. Mtu wa namna hiyo ni kama mtumbwi wenye wapiga kasia wawili, mmoja akipiga kwenda mbele na mwenziwe akirudisha nyuma. Jasho ni jingi, na ng'ambo haikaribii.

Njia ya pili nayo ina hatari yake. Mtu aliyezoea kuuamuru moyo wake mchana kutwa, jioni huenda asijue tena lipi ni lake na lipi ni la kampuni. Anacheka, asijue kama amefurahi. Anafika nyumbani, mtoto anamkimbilia, naye hana neno la kumwambia. Upole wote umekwisha kugawiwa wageni, na watu wa nyumbani hupata ukoko wa chungu. Jirani husema: «Tangu apate kazi mjini ana majivuno.» Kumbe hana majivuno, amechoka mahali ambapo jicho la jirani halifiki.

Mwindaji arudipo kutoka porini huilegeza kamba ya upinde wake. Anajua kwamba upinde ukiachwa umekazwa usiku na mchana, mti wake utapoteza nguvu, na siku ya mnyama mkubwa mshale hautafika. Moyo wa mtu ni vivyo hivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu mkubwa unaotoka katika mahangaiko ya kazi ya siku nyingi yasiyopata utulizo. Halikuuita ugonjwa, bali hali itokanayo na kazi, nalo lilitaja alama zake tatu. Kwanza, nguvu za mtu huisha. Pili, mtu hujitenga na kazi yake moyoni, akaanza kuidharau au kuiona chungu. Tatu, kazi yake yenyewe haizai tena kama zamani.

Uchovu huo waweza kumpata mtu wa kazi yoyote. Lakini anayekula matusi bila ruhusa ya kujibu yu karibu nao sana. Kwa hiyo mwuguzi anayemjibu mgonjwa kwa ukavu, si lazima awe amezaliwa na moyo wa jiwe. Huenda alianza kazi akiwa na moyo mwororo kuliko wenzake wote, na watu mia kwa siku wakachota humo, wala hakuna aliyerudisha hata tone. Hilo halifanyi ukavu wake kuwa wema. Ila anayemhukumu na akumbuke kwamba yeye pia alikuwa miongoni mwa waliochota.

3. Je, tabasamu la kazi ni uongo?

Mkatekumeni aliyejifunza Amri ya Nane aweza kuuliza: kama moyo una huzuni na uso unacheka, je, mtu huyo hasemi uongo kwa uso wake?

Uongo ni kusema yasiyo kweli kwa nia ya kumdanganya mwenzako. Mama aliyefiwa, anayewapikia wageni waliotoka mbali na kuwakaribisha kwa sura njema, hasemi uongo. Sura yake haitangazi kwamba hana huzuni. Yatangaza kwamba wageni wamekaribishwa, na hayo ni kweli. Ndivyo ilivyo kwa binti wa simu. Sauti yake iliahidi msaada, na msaada aliutoa. Adabu ni vazi la mapendo. Hata siku mapendo yanapokuwa madogo, vazi hilo humkinga jirani asipigwe na baridi.

Lakini tabasamu linalotumika kuuza dawa iliyoharibika, au kuficha kipimo kilichopunguzwa, hilo ni uongo kamili, tena ni wizi. Na mkubwa anayemwagiza mtumishi wake adanganye watu kwa sauti tamu, anashiriki zambi hiyo, na sehemu yake ni kubwa kuliko ya mtumishi.

4. Mkatekumeni wa Venezia

Kanisa limepewa mtakatifu wa Afrika aliyejua huduma ya namna mbili: ile ya kulazimishwa na ile ya hiari. Ndiye Mtakatifu Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur, nchi ya Sudani, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara kadhaa, akapigwa, na mwili wake ukachanjwa kwa ukatili. Mtumwa hana ruhusa ya kuwa na uso wake mwenyewe. Akilia hupigwa, akinuna hupigwa.

Mwishowe alinunuliwa na konsuli wa Italia, mtu aliyemtendea wema, akafika Italia, akawa mlezi wa mtoto katika nyumba nyingine. Bibi wa nyumba hiyo aliposafiri, Bakhita na mtoto waliachwa mjini Venezia, katika nyumba ya wakatekumeni iliyotunzwa na masista Wakanosa. Humo alifundishwa habari za Mungu, ambaye tangu utoto alikuwa amejiuliza juu yake alipoangalia jua na nyota. Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Shauri likapelekwa mbele ya wakubwa, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatangazwa kwamba yu mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Wakatekumeni waliangalie jambo hili vema: kabla ya kutumika kwa hiari, ilimpasa kwanza kupata haki ya kukataa.

Baadaye aliingia utawa, na tangu mwaka 1902 aliishi katika mji wa Schio. Alipika, alishona, alitunza sakristia. Kisha akawekwa kuwa mlinzi wa mlango. Mlinzi wa mlango ndiye mwenye kuwapokea watu: watoto wa shule, maskini, wenye majonzi, na wasumbufu pia. Watoto walipoingia, aliweka mikono yake vichwani mwao kwa upole, na sauti yake iliwafariji wengi. Hakuna aliyemlipa kwa tabasamu lake, wala hakuna aliyemtishia nalo. Lilitoka kwake kama maji ya chemchemi, kwa sababu alijua kwamba Bwana anayemtumikia alimpenda kwanza.

Hata hivyo kovu halikufutika lote. Katika ugonjwa wake wa mwisho, miaka zaidi ya 50 baada ya kupata uhuru, alijiona kana kwamba amerudi utumwani, akamsihi aliyemwuguza alegeze minyororo yake, kwa kuwa ilikuwa mizito. Akafa tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yoane Paulo wa 2 akamtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Kazi ya duka au ya simu si utumwa, wala mateso ya Bakhita hayalinganishwi na matusi ya mteja. Lakini moyo wa mwanadamu ni wa namna moja. Ikiwa moyo mtakatifu namna ile ulikumbuka uzito wa minyororo muda wote huo, mtu asiseme kwamba tusi alilotupa asubuhi limesahauliwa jioni kwa kuwa aliyetukanwa alijibu kwa upole.

5. Wajibu wa mteja, wa mkubwa na wa mtumishi

Anayenunua kilo ya chumvi hununua chumvi, mwuzaji hamnunui. Yafaa adai kipimo cha haki, aulize, akatae kudanganywa, hata apeleke mashtaka kwa mkubwa. Kudai haki si zambi. Zambi ni kumdhili mtu kwa sababu hawezi kujibu. Mtume Yakobo aliwakaripia Wakristu waliompa tajiri kiti cha heshima na kumweka maskini chini miguuni. Kosa hilo bado lipo: mtu hunyenyekea mbele ya mwenye mali aliyemwumiza, kisha hasira yake huenda kuimwaga juu ya msichana wa dukani asiyemkosea neno. Husemwa mijini kwamba mteja ni mfalme. Basi mfalme huyo na amwangalie Mfalme wa wafalme, ambaye usiku wa mwisho alijifunga kitambaa kiunoni, akapiga magoti, akaosha miguu ya wale waliopaswa kumhudumia.

Mkubwa wa kazi naye ana hesabu ya kutoa. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum, aliwafundisha matajiri wasiwatendee wafanya kazi kama watumwa, na akataka mapumziko yapimwe kwa kadiri ya nguvu zinazotumika kazini. Nguvu za moyo ni nguvu pia. Mwaka 1981 Papa Yoane Paulo wa 2, katika barua Laborem Exercens, alieleza kwamba heshima ya kazi hutoka kwanza kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Serikali nazo zimeanza kuelewa. Korea ya Kusini iliweka mwaka 2018 sheria inayowalinda watumishi wanaohudumia wateja: mteja akiwatukana au kuwatisha, mwenye kazi yampasa kuwaachisha kazi hiyo kwa muda au kuwaongezea mapumziko, na kuwasaidia kupata matibabu na shauri.

Bwana wetu mwenyewe alionyesha mfano kabla ya sheria zote. Marko ameandika kwamba mitume walirudi kutoka safari yao, na watu waliokuja na kwenda walikuwa wengi hata nafasi ya kula haikupatikana. Yezu hakuwaambia watabasamu zaidi. Aliwaita wakae naye faraghani, wapumzike kidogo, wakapanda mashua. Makutano wakawatangulia kwa miguu. Ndipo yeye mwenyewe akawahurumia, akaanza kuwafundisha. Aliwahurumia makutano, na aliwahurumia pia waliokuwa wakiwahudumia.

Na mtumishi, je? Huenda miongoni mwa wakatekumeni wa leo yumo atakayekwenda mjini kutafuta kazi ya namna hiyo. Huyo na ajue kwamba uvumilivu si kukubali kwamba tusi ni jambo la haki. Yezu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakulipiza, lakini aliuliza sababu ya kupigwa. Mtumishi asirudishe tusi, tena asiogope kulieleza kwa mkubwa wake au kwa wenzake wanaosaidiana. Asiimwage hasira ya kazini juu ya mke, au mume, au watoto. Siku ya Mungu aiheshimu, ili upinde wake ulegezwe. Na kila jioni aingie mahali asipohitaji uso wa kazi, yaani katika sala. Yezu aliomboleza mbele ya watu penye kaburi la Lazaro, wala hakuuficha uso wake. Hawezi kuchukizwa na mtumishi anayelia mbele yake. Mbele ya Mungu hakuna anayelipwa ili acheke.

6. Mzee apanda tena kilimani

Baada ya siku chache fedha za mzee zilirudi. Usiku huo hakulala vema. Kulipokucha alipanda tena kilimani, akaita namba ileile ili amwombe msamaha yule binti. Sauti nyingine ikaitika. Mzee akaeleza, lakini jina la yule wa kwanza hakulijua, hata kuliuliza hakuliuliza, na wanaojibu simu ni wengi.

«Siwezi kumpata, baba,» alisema huyo wa pili.

Mzee akafikiri. Kisha akasema: «Basi, mwanangu, pokea wewe msamaha ninaouomba, kwa ajili ya mwenzako.»

Kimya kikapita. Kisha binti akashukuru, na mzee alisimulia baadaye kwamba sauti ile haikuwa tena tamu kama ile ya salamu. Ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu anayezuia machozi.

Aliporudi alimwuliza katekista kama zambi yake imekwisha. Katekista akamjibu kwamba maji ya Batizo yatamwondolea zambi zake zote, na hiyo pia. Ila mwenye toba ya kweli hutafuta kumponya aliyemwumiza, na asipompata huyo, humtendea mema yule atakayekutana naye.

Alhamisi iliyofuata mzee alikwenda dispensarini kwa ajili ya mguu wake. Mstari ulikuwa mrefu tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika, mwuguzi alimwita kwa ukali, bila kuinua macho kutoka katika daftari. Watu waliomjua mzee wakangoja ngurumo. Mzee akavua kofia.

«Pole na kazi, mama,» akasema. «Umeamka salama?»

Mwuguzi akaacha kuandika, akainua macho, akamwonyesha kiti.

Maswali kwa ajili ya mafundisho

*Swali:* Mtu anayelipa fedha amenunua nini?
*Jibu:* Amenunua kitu au huduma. Mtu anayemhudumia hakumnunua, kwa kuwa huyo ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

*Swali:* Je, ni zambi kumlalamikia mtumishi aliyekosea?
*Jibu:* Si zambi, mlalamikaji akisema kweli na bila kumdhili. Ni zambi kumtukana, na zambi hiyo huwa nzito zaidi mtu anapojua kwamba mwenzake hana ruhusa ya kujibu.

*Swali:* Mtumishi aliyechoka moyoni afanye nini?
*Jibu:* Apumzike siku ya Mungu, aeleze taabu yake kwa mtu wa kuaminika, asiwalipize watu wa nyumbani, na mbele ya Mungu asali bila kuuficha moyo wake.

*Swali:* Mkatekumeni afanye nini juma hili?
*Jibu:* Kabla ya kuomba chochote dukani, dispensarini au kwa simu, atoe salamu kwanza, na angoje aitikiwe.